Kasi ya Saa na Kipimo cha Prosesa

Watu wawili wakitwanga mpunga katika vinu viwili, mwenye kuinua mchi mara nyingi zaidi si lazima awe wa kwanza kumaliza. Huenda mchi wake ni mwepesi, au kinu chake ni kidogo, au mkono wake hauinuki juu vya kutosha hata pigo likavunja ganda. Ajuaye kazi hii hahesabu mapigo. Hutazama mchele uliomo unganini. Jambo hili ni wazi kwa kila aliyewahi kushika mchi, nalo lilikuwa wazi vile vile kwa wahandisi waliounda prosesa za kwanza za kompyuta. Hata hivyo, kwa muda wa zaidi ya miaka 20, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 mpaka mwaka 2004, biashara ya kompyuta za mezani iliendeshwa aghalabu kwa hesabu ya mapigo peke yake. Mnunuzi aliuliza swali moja, na muuzaji akawa na jibu moja: megahezi ngapi? Swali hilo halikukaa midomoni mwa wanunuzi tu. Liliingia viwandani, likaamua umbo la chipu zenyewe, na mwishowe likaipotezea kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo miaka mingi ya kazi.

Ndani ya kila prosesa mna saa. Si saa ya kuonyesha wakati, bali ni mdundo wa umeme uendao bila kusita, na kila sehemu ya chipu husogea kwa mdundo huo. Mapigo milioni moja kwa sekunde huitwa megahezi moja, na megahezi elfu moja hufanya gigahezi moja. Kazi yoyote apewayo kompyuta, iwe kujumlisha mishahara ya kiwanda au kupaka rangi picha, huvunjwa vipande vidogo viitwavyo amri. Basi muda utakaopita hata kazi ile iishe hutegemea mambo matatu yanayozidishwa pamoja: idadi ya amri ambazo kazi ile inahitaji, wastani wa mapigo ambayo kila amri hutumia, na urefu wa pigo moja. John Hennessy na David Patterson, wataalamu wawili wa Marekani, waliifanya hesabu hii kuwa msingi wa kitabu chao cha mwaka 1990 kilichosomwa katika vyuo vikuu vingi. Kasi ya saa humwambia mnunuzi jambo la tatu tu. La kwanza na la pili hunyamaziwa. Na mtu aliyeambiwa upana wa shamba bila kuambiwa urefu wake hajui bado ukubwa wa shamba.

Upungufu huo ulionekana tangu siku za mwanzo kabisa. Prosesa ya Intel iliyoitwa 4004, iliyotoka mwaka 1971 kwa ajili ya mashine za hesabu za kampuni ya Kijapani ya Busicom, ilikuwa na transista 2,300, na saa yake haikufika hata megahezi moja. Miaka sita baadaye ziliuzwa Marekani kompyuta mbili zilizopendwa na wengi. Apple II ilikuwa na prosesa ya 6502, yenye saa ya megahezi moja na kidogo tu. TRS-80 ilikuwa na Z80, yenye saa ya megahezi 1.77. Anayesoma tarakimu hizo angesema kwamba ya pili imeizidi ya kwanza kwa robo tatu. Lakini amri fupi kabisa ya 6502 ilitumia mapigo mawili, na amri fupi kabisa ya Z80 ilitumia manne. Kwa upande mwingine, amri moja ya Z80 mara nyingine iliweza kufanya kazi ambayo 6502 iliihitajia amri kadhaa. Wapenzi wa mashine hizo mbili walibishana miaka na miaka, na ubishi ule ulikuwa na maana, kwa sababu hapakuwa na tarakimu moja ya kuukata.

Kilichoifanya kasi ya saa ionekane kama kipimo kamili ni kuja kwa kompyuta ya IBM mwezi wa Agosti 1981. Prosesa yake ilikuwa Intel 8088, na saa yake ilikwenda megahezi 4.77. Tarakimu hiyo ya ajabu haikutokana na uwezo wa prosesa, ambayo ingeweza kwenda megahezi tano. Ilitokana na kipande cha fuwele cha megahezi 14.318, ambacho mdundo wake ulilingana na mahitaji ya rangi za televisheni za Marekani. Waundaji waliugawa mdundo huo kwa tatu, wakapata saa ya prosesa bila kununua fuwele nyingine. Hivyo tarakimu iliyokuja kuwa kizio cha kulinganishia kompyuta za dunia nzima ilizaliwa na haja ya kubana matumizi.

Kompyuta za IBM zilipoigwa na makampuni mengine mengi, wote wakitumia prosesa za ukoo mmoja, wanunuzi walipata jambo ambalo hawakuwa nalo zamani: mashine mia zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa bei na kasi ya saa. Hapo kipimo kikawa cha haki. Ikiwa prosesa ni ile ile na kumbukumbu ni ile ile, yenye megahezi 8 huishinda yenye megahezi 4.77, na hapana hila. Ndiyo sababu si vyema kuwacheka wanunuzi wa wakati ule. Walishika kipimo kilichofaa mahali pake, na kosa lilikuja walipokihamisha.

Nako kuhama hakukukawia. Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta ya AT yenye prosesa ya 286, na saa yake ilikwenda megahezi 6 tu. Kwa tarakimu, mashine mpya iliizidi ya zamani kwa robo moja. Kwa kazi, iliizidi mara kadhaa, maana 286 ilitumia mapigo machache zaidi kwa kila amri, na njia yake ya kupeleka habari ilikuwa pana maradufu. Mwaka 1989 likatokea jambo lile lile. Prosesa ya 486 yenye megahezi 25 iliiacha nyuma 386 yenye megahezi 33, kwa sababu amri nyingi ambazo 386 ilizitimiza kwa mapigo mawili, 486 ilizitimiza kwa pigo moja. Wanunuzi hawakushtuka. Jina lilibadilika kutoka 286 kuwa 386 na kuwa 486, na kila jina jipya lilipokelewa kama daraja jipya. Ndani ya kila daraja megahezi zikabaki kuwa mfalme.

Ufalme huo ulipewa taji la kuonekana kwa macho. Kompyuta nyingi za miaka hiyo zilikuwa na kitufe kilichoandikwa Turbo. Kazi yake ya asili ilikuwa kinyume cha jina lake: kilitumika kuipunguza kasi mashine, kwa sababu michezo ya zamani iliandikwa kwa kufuata mdundo wa megahezi 4.77, na katika mashine mpya ilikimbia hata isichezeke. Kando ya kitufe palikuwa na taa ndogo nyekundu au za kijani zilizoonyesha tarakimu, mathalani 33 au 66. Mwenye mashine aliamini kwamba taa zile zinapima jambo fulani. Hazikupima chochote. Fundi alizipanga kwa vijipande vya waya ndani ya sanduku, na kama angetaka zisome 99 zingesoma 99. Tarakimu ilikwisha kuwa pambo.

Wakati huo huo, ndani ya sanduku, pengo lilikuwa likipanuka. Prosesa zilizidi kuwa nyepesi mwaka hata mwaka, lakini kumbukumbu kuu, mahali panapotunzwa habari zinazofanyiwa kazi, haikuongeza wepesi kwa kiasi hicho. Prosesa iliyohitaji neno kutoka kumbukumbu kuu ilingoja, na saa yake ikapiga mapigo mengi ya bure. Dawa yake ilikuwa kuweka kumbukumbu ndogo na nyepesi ndani ya prosesa yenyewe, iitwayo kashe. Kumbukumbu kuu ni kisima kilichoko bondeni. Kashe ni mtungi uliomo nyumbani. Mpishi mwenye mtungi mkubwa hutumwa kisimani mara chache, na ugali wake huiva mapema ingawa hakukimbia. Prosesa ya 486 ilikuwa na mtungi wa kilobaiti 8. Mwaka 1992 Intel ilipotoa 486DX2, ambayo ndani yake saa ilikwenda megahezi 66 na nje yake 33, mtungi huo ndio uliozuia uongezaji ule usiwe kiini macho. Hata hivyo kasi ya kazi haikuongezeka maradufu, maana njia ya kisimani ilibaki ndefu kama zamani. Tangazo lilisema 66.

Mwaka 1996 wadogo waliojaribu kushindana na Intel waliona kwamba kipimo hiki kinawaumiza. Kampuni ya Cyrix ilikuwa na prosesa iliyoitwa 6x86, ambayo kwa kila pigo ilifanya kazi nyingi kuliko Pentium katika programu za ofisini. Ikiuzwa kwa tarakimu ya saa yake, megahezi 133, ingeonekana dhaifu. Cyrix na wenzake, AMD miongoni mwao, wakabuni tarakimu nyingine, wakaiandika juu ya chipu: P166+, yaani inafanya kazi kama Pentium ya megahezi 166 au zaidi. Katika kuandika barua na kujumlisha mahesabu dai hilo lilikuwa kweli. Lakini mwaka ule ule ukatoka mchezo uitwao Quake, ambao ulichora dunia yake kwa hesabu nyingi za desimali, na Cyrix ilikuwa dhaifu katika hesabu za namna hiyo. Vijana walionunua P166+ wakitumaini Pentium ya 166 waliona picha zikisuasua. Funzo walilolipata wengi lilikuwa kwamba tarakimu ya Cyrix ni ya uwongo na tarakimu ya megahezi ni ya kweli. Hilo halikuwa funzo sahihi. Tarakimu zote mbili zilijaribu kusema neno moja juu ya kazi za aina nyingi, na hapana neno moja litoshalo.

Mashindano yalifika kileleni mwaka 2000. Tarehe 6 Machi AMD ilitangaza Athlon ya gigahezi moja, na siku mbili baadaye Intel ikatangaza Pentium III ya gigahezi moja. Siku mbili zile zilionekana jambo kubwa. Katikati ya mwaka Intel ikatoa Pentium III ya gigahezi 1.13, kisha mwezi wa Agosti ikairudisha kutoka sokoni, kwa kuwa wapimaji waliokuwa nje ya kampuni walikuta inakosea kazi. Umbo lile la chipu lilikuwa limefika ukomo wake, nalo lilisukumwa kupita ukomo ili tarakimu ipande.

Tarehe 20 Novemba mwaka huo ikatoka Pentium 4, na hapa ndipo tarakimu ya dukani ilipoonekana imeingia katika mchoro wa mhandisi. Ili kuelewa kilichofanyika, msomaji na awaze wajenzi wanaopandisha zege juu ya nyumba kwa kupeana karai mkono kwa mkono. Wakiwa watu kumi katika mstari, kila mmoja hugeuka na kunyosha mkono kwa umbali fulani, na mdundo wao huwa wa wastani. Wakiwa watu 20 katika umbali ule ule, kila mmoja husogeza karai kidogo tu, na mdundo waweza kuwa wa haraka zaidi. Prosesa huzipitisha amri zake katika mstari wa namna hiyo. Pentium III ilikuwa na hatua zipatazo 10. Pentium 4 ilipewa 20. Saa yake ikaanza kwa gigahezi 1.4 na 1.5, na wachoraji wake walitazamia ifike 10 katika miaka ya mbele.

Lakini mstari mrefu una adhabu yake. Programu hufika njia panda kila mara: ikiwa jibu ni hili fanya lile, la sivyo fanya jingine. Prosesa haingoji jibu. Hubahatisha njia na kuanza kupitisha amri za njia hiyo. Ikibahatisha vibaya, kila karai lililomo mstarini humwagwa na kazi huanza upya chini. Katika mstari wa watu 10 hasara ni ndogo. Katika mstari wa 20 hasara ni maradufu, na njia panda ni nyingi katika programu za kawaida kuliko mtu asiye fundi anavyodhani. Matokeo yalikuwa kwamba Pentium 4 ya gigahezi 1.5 ilishindwa katika kazi nyingi na Athlon ya 1.2, na katika baadhi ya kazi ilishindwa hata na Pentium III ya gigahezi moja, ndugu yake mkubwa aliyeuzwa kwa bei ndogo. Haki iseme pia kwamba katika kazi zilizonyooka, zisizo na njia panda nyingi, kama kubana picha za sinema, ilikuwa hodari, hasa programu zilipoandikwa upya kwa kuifuata. Wahandisi wake hawakuwa wajinga. Walipewa soko lililonunua mapigo, wakaunda mashine ya kutoa mapigo.

Wapinzani walijibu kila mmoja kwa tabia yake. Mwezi wa Julai 2001, katika maonyesho ya Macworld huko New York, Steve Jobs wa Apple aliweka jukwaani kompyuta yenye prosesa ya PowerPC G4 ya megahezi 867 na nyingine yenye Pentium 4 ya gigahezi 1.7, akazipa zote kazi za programu ya picha ya Photoshop. Ya Apple ikashinda. Kisha Jon Rubinstein, mkuu wa wahandisi wake, akaeleza hadithi ya mistari mirefu na mifupi, na kuiita imani ya megahezi kuwa ni ngano tupu. Maelezo yalikuwa sahihi. Jaribio lilichaguliwa na muuzaji, katika programu iliyoipendelea G4. Miaka miwili baadaye, alipoitambulisha G5 ya gigahezi 2, Jobs yule yule aliahidi gigahezi 3 katika miezi 12. Hazikupatikana. Mwezi wa Juni 2005 alitangaza kwamba Apple inahamia Intel, na sababu aliyoitoa haikuwa gigahezi bali kazi ipatikanayo kwa kila wati moja ya umeme.

AMD kwa upande wake ilirudia njia ya Cyrix kwa uangalifu zaidi. Mwezi wa Oktoba 2001 ilitoa Athlon XP 1800+, ambayo saa yake ilikwenda gigahezi 1.53. Kampuni ilisema 1800 inalinganishwa na Athlon za zamani. Umma ulielewa kwamba inalinganishwa na Pentium 4 ya 1.8, na yamkini kampuni haikuchukia kueleweka hivyo. Safari hii tarakimu ilisimama katika majaribio mengi, michezo pia.

Kilichoiangusha imani ile hatimaye hakikuwa hoja, kilikuwa joto. Umeme unaoliwa na chipu huongezeka pamoja na kasi ya saa, na huongezeka kwa mraba wa volteji. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, volteji nayo yaweza kupunguzwa kwa uwiano ule ule, hata chipu yenye transista nyingi zaidi na saa ya haraka zaidi isizidishe joto katika eneo lile lile. Kwa miaka 30 kila kizazi cha chipu kilikula urithi huo. Mnamo mwaka 2004 urithi ulikuwa unakwisha: transista zilikwisha kuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zilipokuwa zimefungwa, na volteji haikuweza kushushwa tena kama zamani. Mwezi wa Februari mwaka huo Intel ilitoa Pentium 4 ya umbo jipya, iliyojulikana kiwandani kwa jina la Prescott. Mstari wake ulikuwa na hatua 31. Ilikula zaidi ya wati 100, na kwa saa ile ile mara nyingi haikuizidi ile iliyotangulia. Mwezi wa Mei mrithi wake, Tejas, aliyekuwa bado katika michoro, alifutwa. Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 na hapo ikakoma; ile ya gigahezi 4 iliyokuwa imeahidiwa ilifutwa mwezi wa Oktoba, na Craig Barrett, mkuu wa Intel, alipiga magoti kwa mzaha jukwaani huko Orlando, Florida, kuomba radhi. Katika mwaka huo huo kampuni ilianza kuziita prosesa zake kwa namba za familia, kama 550 na 755, badala ya gigahezi. Kampuni iliyowafundisha watu kuhesabu mapigo sasa iliwaomba wasahau.

Wokovu wake ulitoka mahali ambapo mapigo hayakuabudiwa. Huko Haifa, katika Israeli, kundi la wahandisi wa Intel lilikuwa limepewa kazi ya kuunda prosesa ya kompyuta za kubebwa. Betri haidanganyiki kwa tangazo, basi walilazimika kuuliza kila pigo linafanya nini. Mwaka 2003 walitoa Pentium M, yenye mstari mfupi, kashe kubwa ya megabaiti moja, na ubahatishaji bora wa njia panda. Ile ya gigahezi 1.6 ilikwenda sambamba na Pentium 4 za kubebwa zilizozidi gigahezi 2. Kutoka mizizi hiyo ikachipuka Core 2 Duo, iliyotoka mwezi wa Julai 2006 kwa ajili ya kompyuta za mezani. Core 2 Duo E6600 ilikuwa na gigahezi 2.4, ikala wati 65, na bei yake ilikuwa dola 316. Pentium ya daraja la juu kabisa wakati huo ilikuwa na gigahezi 3.73, ikala wati 130, na bei yake ilikuwa dola 999. Ya kwanza iliishinda ya pili karibu katika kila kazi. Mtu aliyechagua kwa tarakimu ya saa mwaka ule alilipa mara tatu ili apate pungufu. Na wale walionunua Pentium 4 za awali, kati ya Novemba 2000 na Juni 2002, walikuwa na kesi iliyoendelea mahakamani huko Marekani kwa madai kwamba uwezo wake ulitiwa chumvi. Mwaka 2014 Intel ilikubali kuwalipa dola 15 kwa kila kompyuta, bila kukiri kosa.

Tangu hapo mfano umejirudia mara kwa mara. Mwaka 2013 AMD, iliyokuwa imepigana na imani ya megahezi kwa miaka mingi, iliuza FX-9590 kwa fahari ya gigahezi 5. Ilikula wati 220, nayo ilipitwa katika michezo mingi na Core i7-4770K ya Intel, iliyokuwa na gigahezi 3.9 kwa kilele na wati 84. Mwaka 2022 AMD hiyo hiyo ilichukua prosesa yake ya Ryzen 7 5800X, ikaipunguza saa kutoka 4.7 hadi 4.5, na juu yake ikabandika kashe ya ziada hata jumla ikawa megabaiti 96 badala ya 32. Tarakimu ilishuka, na katika michezo mingi kasi ilipanda sana. Mtungi ulikuwa umeshinda mbio.

Baada ya gigahezi wauzaji walishika idadi ya viini. Tangu mwaka 2005, Intel na AMD walipotoa prosesa zenye viini viwili kwa kompyuta za mezani, idadi hiyo imekuwa tangazo jipya, nayo ina ukweli wa nusu kama ile iliyotangulia. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka: ikiwa sehemu moja ya kumi lazima ifanywe na mtu mmoja, hata wafanyakazi elfu hawawezi kuipita kasi mara kumi. Anayebana sinema hufaidi viini 16. Anayeandika tasnifu hatavitambua. Tena tangu mwaka 2021 Intel huweka ndani ya chipu moja viini vikubwa na viini vidogo, vya nguvu mbalimbali, na kuvihesabu pamoja ni kuhesabu ng'ombe na mbuzi katika zizi moja.

Hata saa yenyewe haina tena tarakimu moja. Tangu mwaka 2004 mpaka 2024, kilele cha saa kilitoka gigahezi 3.8 kikafika 6.2 katika Core i9-14900KS, yaani hakikuongezeka hata maradufu. Katika miaka 20 iliyotangulia, tangu ile AT ya megahezi 6, kilikuwa kimeongezeka zaidi ya mara 600. Na hizo 6.2 ni za muda mfupi na za viini vichache, joto likiruhusu. Kasi ya msingi ya viini vikubwa vya prosesa hiyo hiyo ni gigahezi 3.2.

Gigahezi 3.2 ndizo pia zilizoandikwa kwenye Core i5-650 ya mwaka 2010. Kompyuta zilizomaliza kazi katika ofisi za Ulaya na Marekani huuzwa tena Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na wanafunzi ni miongoni mwa wanunuzi wake. Mwanafunzi huyo aweza kuwekewa mbili juu ya meza moja, zote zikiwa na kibandiko cha i5. Moja ni i5-650 yenye gigahezi 3.2, viini viwili na kashe ya megabaiti 4. Nyingine ni i5-8400 ya mwaka 2017 yenye gigahezi 2.8, viini sita na kashe ya megabaiti 9. Ikipewa kazi saa yake hupanda mpaka 4, na kwa kila pigo hufanya kazi nyingi zaidi. Programu ya Windows 11 huitambua rasmi ya pili na haiitambui ya kwanza. Muuzaji anayesema kwamba ile ya kwanza ina gigahezi nyingi hasemi uwongo. Namba ndefu inayofuata neno i5, ambayo ndiyo ieleza mwaka na ukoo wa prosesa, huonekana katika skrini ya kwanza mashine inapowashwa au katika ukurasa wa mfumo, na kuisoma huchukua muda usiozidi dakika moja.